MWILI NI AMANA
Hotuba juu ya kuutumikisha mwili katika maisha ya kila siku

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemwumba binadamu, Akamnyosha kimo chake, Akampa miguu ya kutembelea, mikono ya kushikia na mgongo wa kuinamia. Sala na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baadu. Katika siku ya ukumbusho kama hii ni desturi kuzungumza habari za waasisi, na misikiti na shule zilizojengwa, na fedha zilizochangwa. Yote hayo ni mema na yastahili kukumbukwa. Lakini liko jengo moja ambalo kila Mwislamu amekabidhiwa peke yake, bila kamati wala mweka hazina, nalo ni mwili wake. Jengo hilo lina tabia ya ajabu: nyumba ya matofali huchakaa kwa kutumiwa, lakini mwili huchakaa zaidi kwa kutotumiwa. Juu ya amana hiyo ndiyo hotuba hii.

Aingiaye leo katika misikiti mingi ya mjini Kampala huona jambo ambalo wazee wa zamani hawakulizoea, nalo ni safu za viti ukutani na pembezoni mwa swafu. Wamo wanaosali juu ya viti hivyo kwa udhuru wa kweli, na sharia imewaruhusu bila kinyongo. Imran bin Huswain, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipokuwa mgonjwa, Bwana Mtume alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, akae, na asipoweza kukaa, alale ubavu. Basi si halali kwa mtu yeyote kumcheka mgonjwa wala kumpeleleza goti lake. Lakini ni halali, tena ni wajibu, kuuliza swali moja: magoti hayo yalishindwa lini? Hayakushindwa msikitini. Aghalabu yalianza kushindwa miaka ishirini kabla yake, katika kiti cha dukani, katika kiti cha gari, na katika kochi la sebuleni. Aliyeacha kuinama duniani kwa hiari yake, siku moja hutaka kuinama mbele ya Mola wake asiweze. Hiyo ndiyo hasara inayohofiwa hapa, nayo si hasara ndogo.

Na tuyatazame yaliyokuwako. Kampala ni mji wa vilima. Mtu wa zamani aliyekaa Kisenyi akataka kwenda Kibuli, alishuka bondeni na kupanda mlima kwa miguu yake. Kilima hicho cha Kibuli, ambacho Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake kwa ajili ya Waislamu, na ambacho msikiti wake ulimalizika mwaka 1951, kilipandwa na maelfu ya watu kila Ijumaa na kila Idi, wazee kwa vijana, kanzu zikiwa safi na viatu vikiwa na vumbi. Nyumbani nako, mama alilima migomba kwa jembe, akachota maji kisimani, akatwanga karanga katika kinu, akafagia uwanja akiwa ameinama. Wageni waliketi juu ya mkeka, na kuketi juu ya mkeka maana yake ni kushuka mpaka chini na kuinuka tena, mara nyingi kwa siku. Hakuna aliyeyaita mambo hayo mazoezi. Yalikuwa ni maisha tu.

Na afya zao zilikuwaje? Si kweli kwamba watu wa zamani hawakuugua. Malaria, kifua kikuu na surua viliwaua wengi, na watoto walizikwa kwa wingi. Lakini baadhi ya maradhi yaliyozagaa leo yalikuwa kama hayapo. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyetibu watu Kenya na Uganda tangu mwaka 1929 hadi 1959, na aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1956 habari za mgonjwa mmoja Mwafrika aliyepatwa na maradhi ya kuziba mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, naye akaonekana ni jambo la kuandikwa katika jarida la madaktari! Leo katika kilima hichohicho cha Mulago iko taasisi nzima ya maradhi ya moyo, wala haikosi wagonjwa. Trowell mwenyewe alitilia mkazo zaidi chakula, akasema kwamba watu walikula vyakula visivyokobolewa. Na kweli chakula kina sehemu yake kubwa. Lakini mtu aliyekula chakula kile ndiye yuleyule aliyekwenda kwa miguu na kulima kwa mkono, na mambo hayo mawili yameondoka mjini pamoja.

Isidhaniwe kwamba Uganda yote imelala. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu ya nchi 168, wakizilinganisha kwa wingi wa watu wazima wasioutumikisha mwili kiasi cha kutosha. Uganda ilikuwa na watu wa namna hiyo wachache kuliko nchi zote, kiasi cha watu 5 au 6 tu katika kila 100. Kuwait ilikuwa ya mwisho kabisa, watu 67 katika kila 100, na Saudia ilipita nusu. Na izingatiwe vema: sifa hiyo ya Uganda haikuletwa na viwanja vya michezo wala na mashine za kukimbilia. Imeletwa na jembe, na mtungi, na njia ya miguu ya kijijini. Basi kila kijana ahamiaye Kampala akaliacha jembe bila kushika jambo jingine mahali pake, huiacha sifa hiyo mlangoni. Neema ikija bila hekima huingia na ugonjwa wake mkononi.

Hapa liko jambo linalowahusu Waislamu wa Kampala kwa namna yao wenyewe. Historia inajulikana: wakati ambapo shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, vijana wengi wa Kiislamu waliishika riziki ya halali kwa njia nyingine, nazo ni uchinjaji, biashara na udereva. Kazi hizo zililea familia na kujenga misikiti, na ni fahari. Lakini katika hizo, udereva na kukaa dukani ni kazi za kuketi. Mwaka 1953 tabibu mmoja wa London, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu wa mabasi ya ghorofa ya mji ule. Katika kila basi walikuwamo watu wawili, dereva aliyeketi siku nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi mara nyingi akikata tiketi. Watu hao walikuwa wa tabaka moja, wa kampuni moja, wakivuta hewa moja. Lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioshikwa hawakufa kwa wingi kama madereva. Baadaye ilionekana kwamba madereva walikuwa na miili minene zaidi tangu walipoajiriwa, kwa hiyo si tofauti yote iliyotokana na ngazi. Walakini uchunguzi mwingine mwingi uliofuata uliutia nguvu ukweli ule. Dereva wa teksi aketiye Old Taxi Park akingoja abiria, na kijana wa bodaboda ashindaye juu ya pikipiki tangu alfajiri mpaka usiku, na mwenye duka la vitambaa asiyeinuka kwa kuwa ana watumishi, wote wako katika kiti cha dereva yule wa London.

Lakini je, kuketi kwenyewe ni haramu kwa mwili? Sivyo, mwili wahitaji kupumzika. Liko fundisho jema kutoka kwa majirani. Wahadzabe, wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania na kuishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walichunguzwa na wataalamu, na habari zao zikatolewa mwaka 2020. Ilionekana kwamba wao nao hupumzika saa nyingi, kiasi cha saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa, hupiga magoti na huketi chini, na hasa wachuchumaapo au wapigapo magoti, misuli ya miguu hubaki ikifanya kazi kidogo kidogo. Kisha wanapoinuka, huenda mbali kwa miguu. Mtu wa kitini misuli yake hufanya kazi kidogo mno. Kumbe mkeka wa bibi, uliokunjwa ukatupwa stoo siku yalipoingia makochi, ulikuwa na dawa ndani yake!

Na matabibu wa Brazil walitoa mwaka 2012 habari za watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Kila mmoja aliambiwa aketi chini sakafuni kisha ainuke, akijitegemea kwa mikono au magoti kwa uchache awezavyo. Wakafuatiliwa miaka kadhaa. Wale walioshindwa kushuka na kuinuka bila kujishika sana walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wale walioweza. Si kwamba kuinuka kutoka chini kunamwongezea mtu ajali yake, kwani ajali iko kwa Mwenyezi Mungu. Bali ni alama ya nguvu, na wepesi, na mizani ya mwili. Basi na afikiri Mwislamu. Katika sala tano za faradhi mna rakaa 17; ndani yake mna rukuu 17 na sijida 34 kila siku. Katika mwaka mmoja wa Kiislamu wenye siku 354, hizo ni sijida zaidi ya 12,000, acha sunna na tarawehe. Mola hakuifaradhisha sala iwe mazoezi ya viungo. Sala ni ibada, na mwenye kuisali kwa nia ya kunyosha mgongo amepotea njia. Lakini hekima ya Muumba haigawanyiki: Aliyeiamuru sijida ndiye Aliyeliumba goti.

Mwendo wa Bwana Mtume mwenyewe ni ushahidi. Sayyidna Ali alimweleza kwamba alipotembea alikwenda kwa nguvu, kama mtu ateremkaye mteremkoni. Bibi Aisha alipoulizwa nini alichokuwa akifanya nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na imepokewa kwamba alishona nguo yake na kukitengeneza kiatu chake. Alishindana mbio na Bibi Aisha, mara moja akashindwa na mara moja akashinda. Katika mwaka wa tano wa Hijra, lilipochimbwa handaki la kuilinda Madina, alibeba udongo pamoja na watu mpaka vumbi likamfunika tumbo. Alikwenda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara akiwa amepanda na mara kwa miguu. Siku ya Idi alikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Na Banu Salima, waliokaa mbali, walipotaka kuhamia karibu na msikiti, aliwahimiza wabaki makwao kwa kuwa hatua zao zinaandikwa. Alifundisha pia kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila kunapokucha, na kila hatua ya kwendea sala ni sadaka. Ni nani basi aliyewaambia watu kwamba heshima iko katika kubebwa?

Maana hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mjini humu mtu aendaye kwa miguu huhesabiwa kuwa ni maskini, na mwenye cheo huona haya kuonekana na vumbi. Mtu hupanda bodaboda kutoka kwake mpaka msikitini, mwendo wa dakika tano. Mwenye gari huzunguka akitafuta pa kuliegesha mlangoni hasa, hata iqama ikampita, kuliko kuliacha mbali akatembea. Mwana humwambia baba, keti tu, usiinuke, akidhani huo ndio wema. Na baba akatii, na baada ya miaka michache hawezi kuinuka hata akitaka. Wema wa namna hiyo ni kamba laini.

Dawa yake haina gharama, wala haihitaji vazi la michezo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeshauri mtu mzima apate kwa uchache dakika 150 hadi 300 kwa juma za kuutumikisha mwili kwa kiasi cha kati, kama kwenda kwa haraka kiasi cha kupumua zaidi lakini bado waweza kuzungumza. Na mtoto apate dakika 60 kila siku. Sasa ifanywe hesabu ya msikitini. Aliye mbali na msikiti kwa dakika tano, akienda na kurudi kwa miguu katika sala zote tano, amepata dakika 50 kwa siku, yaani 350 kwa juma, na amezidi kipimo chote. Aendaye sala ya Alfajiri na Isha tu amepata 140, na Ijumaa akipanda kilima kwa miguu amekamilisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Kadhalika abiria wa teksi na ashuke kituo kimoja kabla ya kufika. Mwenye ofisi ghorofani na apande ngazi japo ghorofa mbili za mwanzo. Dereva na ashuke garini kila angojapo zamu, atembee akilizunguka gari lake. Mwenye duka na ainuke mwenyewe kumtolea mteja kitambaa. Nyumbani mkeka urudishwe sebuleni, watu wale chini japo mlo mmoja kwa siku. Penye ua mdogo pasikosekane mboga, dodo na nakati, za kupaliliwa kwa mkono. Na mwanamume asiseme kwamba kufagia na kuchota maji ni kazi za wanawake, kwani asemaye hivyo amejinyima sunna na afya kwa neno moja.

Wanawake wasisahauliwe. Wapo wenye kazi nyingi hata zikawachosha. Hao hawahitaji kuambiwa waongeze mwendo, bali wasaidiwe mzigo. Lakini wapo pia wafungao duka siku nzima, au wakaao nyumbani na watumishi, na mwili wao haupati haki yake. Stara haizuii kutembea. Wawili au watatu wakitoka pamoja asubuhi kabla ya jua kali, kwa mavazi ya heshima, hakuna aibu wala hatia. Na kamati za misikiti na shule zina wajibu wa kuwapa wasichana uwanja na wakati wao, kwani mama mwenye nguvu ni ngome ya nyumba. Watoto nao waachwe watembee kwenda madrasa panapo usalama. Samaki mkunje angali mbichi.

Na wazee? Kwao jambo kubwa ni kutoanguka, na mwongozo uleule umewashauri mazoezi ya mizani na ya nguvu siku tatu kwa juma au zaidi. Mzee anayeweza bado kusujudu asikimbilie kiti kwa sababu ya uvivu au kwa kuwa mwenziwe amekaa; na asiyeweza asijilazimishe akajidhuru. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame katika kisimamo chake kisha akae panapomshinda, na amwulize mwanachuoni wa mtaa wake. Aliye na maradhi ya moyo, au kisukari, au shinikizo la damu, amwone daktari kwanza, kisha aanze kwa mwendo mfupi. Mwenda pole hajikwai.

Haitakuwa insafu kumlaumu mwenda kwa miguu peke yake. Njia za Kampala zina hatari yake: kandokando kumejaa biashara na magari, mitaro iko wazi, pikipiki hupita hata mahali pa miguu, na moshi ni mwingi. Katika hayo mtu mmoja hana nguvu, lakini jumuiya inayo. Waislamu wa mtaa waweza kwenda kwa viongozi wa mji wakaomba taa ya njia, kifuniko cha mtaro na kivuko cha kuelekea shuleni. Waweza kwenda Alfajiri kwa makundi, wakiwa na kurunzi, ili asiogope aliye peke yake. Waweza kuondoa mawe na takataka njiani kwa mikono yao, na kuondoa lenye kuudhi njiani ni tawi la imani.

Mwisho, na wakumbukwe wale wanaoweka akiba mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya Hija. Baina ya Safa na Marwa ni kiasi cha mita 450, na mwenye kusai huenda mara saba, yaani zaidi ya kilomita 3, mbali na tawafu na msongamano wa Mina. Wengi hukamilisha nauli katika umri ambao miguu imekwisha kukataa, wakasukumwa katika kigari pale ambapo Bibi Hajar alikimbia akimtafutia mwanawe maji. Mwenye udhuru ana thawabu zake kamili kwa rehema za Mola. Lakini aliye kijana leo, anayehesabu shilingi za Hija, na ahesabu pia hatua zake. Fedha zote mbili zapaswa kuwekwa mapema.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu wa mji huu miili yenye nguvu katika taa Yake, awaponye wagonjwa wao, awarehemu waliotangulia, ambao waliupanda mlima wa Kibuli kwa miguu yao ili wengine wapate pa kusujudu. Na awajaalie watu wote mwisho mwema, paji la uso likiwa bado lajua njia ya kwenda ardhini.